Mstari Mmoja hadi Ijumaa

Jumatatu niligawa vipande vya kalenda ya mwaka jana,
nyuma vyeupe, mbele bado kuna tairi la trekta
la chama cha ushirika.
Nikawaambia Darasa la Tano: andikeni lengo.
Moja. Mstari mmoja. Liishe Ijumaa.

Mfaume Chitumbi akaandika: Kuwa rubani.
Nikamuuliza, Ijumaa hii?
Darasa likacheka, naye akacheka,
akalamba kidole, akafuta mpaka karatasi ikatoboka,
akaandika pembeni ya tundu:
Kuijua tebo ya saba bila kuchungulia.

Ni msimu, na Newala msimu una jina moja.
Mabibo yanachacha chini, nyuki wamelewa,
na madawati ya nyuma yana nafasi
ambazo hakuna anayeuliza ni za nani.
Korosho haisubiri kengele.
Mzazi ana deni la salfa, mnada uko Alhamisi,
na mtoto ana vidole vyepesi.
Nayajua hayo tangu vyangu vilipokuwa vyepesi.

Kwa hiyo Somoe alipoandika
Nitakuja siku zote tano,
sikusema vizuri. Nilisema: utafanyaje?
Akafikiri, kalamu mdomoni.
Nitaamka kabla ya jogoo wa kwa Nangumi,
niokote mikorosho miwili, ndipo nije.
Liongeze hilo, nikamwambia. Akaliongeza,
herufi zimebanana kama ndoo kwenye foleni ya bomba.

Dadi: Nitarudisha kifutio cha Zuwena.
Zuwena: Nitaacha kumdai Dadi mbele za watu.
Likwena: Nitamwagilia mipapai mitatu nyuma ya jiko
kwa maji ya kunawia, siyo ya kunywa.
(Huku juu kwetu maji hupanda mlima kichwani mwa mtu.
Lile la siyo ya kunywa sikumfundisha mimi.)

Tukavibandika ukutani kwa uji wa muhogo.
Nimeshika chaki, nageukia ubao,
sauti ya Somoe ikanifuata mgongoni:
Na wewe, Mwalimu?

Niliandika: Kusahihisha madaftari yote, 47.
Kwa mwandiko mzuri,
maana mwandiko ndio pekee niliokuwa nao siku ile.

Jumanne, kikao. Jumatano, msiba kwa jirani.
Alhamisi nilikuwa mnadani mwenyewe,
nasikiliza bei ikipanda shilingi kumi,
ikishuka ishirini.

Ijumaa, mmoja mmoja, mbele ya ukuta.
Somoe: siku nne. Alhamisi imekosekana,
akaisema kabla sijafungua rejesta.
Tulikuwa mnada mmoja, yeye na mimi,
kila mtu nyuma ya gunia lake.
Dadi karudisha nusu ya kifutio.
Mipapai miwili imesimama, wa tatu kaula mbuzi,
na Likwena ana orodha ya mbuzi wanaoshukiwa.
Mfaume akapita salama hadi saba mara saba,
akagandia kwenye nane,
akakaa.

Zamu yangu.
Nilipapasa maneno makubwa makubwa,
majukumu, mazingira, hali halisi,
yote yakawa mazito kuliko kazi yenyewe.
Nikasema: thelathini na moja.

Hakuna aliyecheka.
Mfaume akanyoosha mkono, akasimama,
mikono nyuma kama ninavyosimama mimi,
akaniuliza swali langu kwa sauti yangu:
Nini kilikuzuia? Na kesho utaanza na lipi?

Kesho ikafika. Umeme hakuna,
tochi ya simu imeegemezwa kwenye bilauri,
ming'oko imepoa sahanini.
Nikafungua daftari la thelathini na mbili.
Ni lake. Ndani ya jalada, kwa penseli,
pale ambapo mwalimu hatazamii:
saba mara nane, saba mara nane, saba mara nane,
majibu yote kayakata
isipokuwa la mwisho.

Nikaweka vema.
Nikavuta la thelathini na tatu.